Fidi pampu ya dizeli: ubaki na ya kimekanika, uongeze nguvu ya pistoni, uhamie umeme au ufunge ya belti?

Wanaoulizia hii kitu huwa ni watu wa aina mbili. Wa kwanza gari yake imeanza kuzubaa ikipanda mlima na mzigo, mtu kamwambia dawa ni pampu kubwa. Wa pili ashafungulia mafuta kwenye injekta pampu, nozeli ashabadili, turbo kubwa iko njiani, sasa anataka kujua dizeli ya kulisha vyote hivyo itafikaje. Wa kwanza mara nyingi hata hahitaji pampu kubwa, anahitaji hosi mpya na filta. Wa pili anahitaji kweli, ila sio lazima ile kubwa kuliko zote iliyopo sokoni.

Kwanza tuelewane tunaongelea pampu ipi manake hapa ndo watu wanapotezana. Dizeli nyingi za kizamani zina pampu mbili. Kuna injekta pampu, ile kubwa ya bei mbaya yenye mabomba ya chuma yanayoenda kwenye nozeli, yenyewe inasukuma kwa presha ya mamia ya bar. Alafu kuna fidi pampu, ile ndogo iliyofungwa ubavuni mwa injini, inaendeshwa na kemshafti, kazi yake ni kuvuta dizeli kwenye tanki, kuipitisha kwenye filta na kuikabidhi kwa mkubwa wake ikiwa na presha ndogo tu. Hii ndogo ndo tunailinganisha hapa. Ile kubwa siiachi nje lakini, kwa sababu yenyewe ndo inaamua hii ndogo iweje.

Mifano yangu mingi itakuwa ya Cummins 5.9 iliyofungwa kwenye Dodge Ram, kwa sababu ni injini iliyochezewa sana na namba zake zinajulikana, na pia imepita mikononi mwa injekta pampu tatu tofauti kwa hiyo inaonyesha vizuri ninachotaka kusema. 1989 hadi 1993 ilikuwa na Bosch VE, ile ya rotari. 1994 hadi katikati ya 1998 ikaja Bosch P7100, ile ndefu yenye plunja sita (vijipistoni vya kusukuma mafuta) zimejipanga mstari. Baada ya hapo ikaingia ya valvu 24 na pampu ya VP44 inayoongozwa na kompyuta, ikaenda mpaka 2002. Bloku zinafanana, lakini fidi pampu inayomfaa mmoja inaweza kumuumiza mwingine.

Muulize mkubwa anataka nini

VE ina kipampu chake cha ndani cha mapezi ambacho kinaweza kujivutia chenyewe. Ndo maana kuna gari zenye pampu ya mtindo huu, kama Land Cruiser ya 1HZ, hazina fidi pampu kabisa, zina pampu ya mkono pale juu ya filta na maisha yanaenda. Kwenye Cummins waliweka fidi pampu ya diaframu (utando unaopanda na kushuka badala ya pistoni), inasukuma presha ndogo tu, na inatosha. Sasa VE ina tabia moja ya kuiheshimu: presha ya ndani ya pampu ndo inayosogeza taimingi, yaani wakati dizeli inapopulizwa kwenye silinda. Ukiisukumia presha kubwa kutoka nje, ya ndani nayo inapanda, taimingi inatangulia kuliko ulivyopanga, na sili ya shafti ya mbele inaanza kulemewa. Sili hiyo ikikubali yaishe, dizeli inamwagikia kwenye gia za taimingi na kutoka hapo inateremka kwenye oili. Kwa hiyo mwenye VE akisikia mtu anajisifia psi 40 (psi ni kipimo cha presha) apite tu na njia yake, hiyo haimhusu. Chini ya psi 10 hivi panamtosha kabisa, cha msingi isishuke mpaka sifuri akiwa amekanyaga.

P7100 ni mnyama mwingine. Plunja sita, kila moja inajaza chumba chake kwa kamuda kafupi sana, na ikishamaliza kusukuma inayarudisha mabaki kwa kishindo kwenye kile chumba cha pamoja ambacho wenzake wanategemea kujazia. Usipokuwa na presha ya kutosha hapo chumba hakijai, plunja inasukuma nusu mafuta nusu utupu, nguvu inapotea. Kiwandani walitaka psi 17 hadi 22 injini ikinguruma tu bila kukanyaga, na 25 hadi 30 ukiipeleka RPM 2,500 bila mzigo. Wanaotafuta nguvu nyingi wanaipandisha juu ya hapo. Uzuri wake kemu na vitu vya chini vya P7100 vinalainishwa na oili ya injini, kwa hiyo ukiinyima dizeli utalia na nguvu kwanza kabla hujalia na pampu.

VP44 sasa ndo haisameheki. Dizeli ndo inailainisha na dizeli hiyo hiyo ndo inaipoza, sehemu kubwa ya mafuta yanayoingia hayaendi kwenye nozeli, yanapita tu kupoza na kurudi tanki. Fidi pampu yake kutoka kiwandani ni ya umeme, imefungwa kwenye bloku, na sifa yake ni mbaya, ilikuwa inakufa kimya kimya inamuua na mkubwa wake. Watu wengi wanaichukulia psi 10 ukiwa umekanyaga mpaka chini kama mstari wa hatari, na 14 au 15 ndo pazuri. Mwenye VP44 hana haja ya kusoma ulinganisho mrefu, aweke fidi pampu ya umeme iliyo nzuri na geji ndani ya kebini, leo sio kesho.

Presha na wingi ni vitu viwili

Tangazo la pampu linakupa namba moja kubwa, galoni kwa saa, na mtu anaona kubwa ndo bora. Hebu tupige hesabu. Injini ya dizeli ikiwa inatoa hp 300 (nguvu za farasi) kwelikweli, mguu uko chini, inaunguza kama lita 60 kwa saa. Ukifika hp 500 na moshi wake unaongelea lita 100 na kitu. Sasa pampu za umeme zinazouzwa sana ni za galoni 95, 150 na 165 kwa saa, yaani lita kama 360, 570 na 625. Mbona zote zimezidi mbali hivyo? Kwa sababu sehemu kubwa ya dizeli inazunguka tu, inaingia kwenye injekta pampu, inaondoka na joto na mapovu, inarudi tanki. Na namba ya tangazo huwa imepimwa pampu ikisukuma bila kizuizi, ukishaweka filta mbili, kona za banjo (fitingi ya bolti yenye tundu) na valvu ya kurudisha inayokaza, inashuka.

Alafu kuna hili la presha. Kwenye fidi pampu za kimekanika za kawaida kemu ndo inakokota pistoni au diaframu kuvuta mafuta, lakini anayesukuma ni springi. Kwa hiyo presha ya juu kabisa unayoweza kupata ni nguvu ya ile springi, na mafuta unayopata kwa kila pigo ni ukubwa wa pistoni mara urefu wa safari yake. Ukiweka springi ngumu unapata presha zaidi, mafuta kwa kila pigo yanabaki yale yale. Hapa ndo utaelewa kwa nini mtu anafunga springi ngumu, geji inapanda vizuri gari ikiwa imesimama, anafurahi, alafu akivuta mzigo mlimani sindano inaporomoka kama zamani. Presha bila wingi haivuti mzigo.

Ndo maana mimi msimamo wangu ni huu na siubadilishi: geji ya presha inunuliwe kabla ya pampu. Geji inafungwa baada ya filta, kabla ya injekta pampu, kwa tii ndogo au kwenye banjo yenye tundu, na usiipelekee hosi ya dizeli mpaka ndani ya kebini, tumia ya sensa ya umeme au weka kitenganishi kinachozuia dizeli isifike kebini. Weka na kavalvu kadogo ka sindano hapo kwenye tii kutuliza mapigo, manake P7100 inapiga geji mpaka inakufa. Alafu endesha gari kama unavyoiendesha siku zote, na mzigo, mlima, uangalie sindano. Ikikaa sawa ukiwa umekanyaga, fidi pampu yako haina shida, tafuta ugonjwa kwingine. Ikishuka, bado usinunue pampu.

Bado, kwa sababu kinachoshusha presha mara nyingi kiko nyuma ya pampu. Upande wa kutoka tanki mpaka fidi pampu unavuta, sio unasukuma, kwa hiyo hosi ikichanika hapo dizeli haidondoki hata tone, inaingia hewa. Utatambaa chini ya gari unatafuta unyevu na hutauona. Kwenye Ram za 1994 hadi 1998 vipande vya hosi za mpira kule juu ya gia boksi na karibu na fidi pampu vinazeeka, vinapasuka nyufa ndogo ndogo, na kuna kichujio cha wavu kwenye hita ya mafuta kabla ya pampu ambacho watu wengi hawajui kama kipo. Nimeshuhudia kimoja kikitolewa kwenye gari ambayo mwenyewe ashanunua pampu mpya iko kwenye boksi: wavu umejaa ute mweusi wa tanki, mwanga haupiti, fundi akaupulizia akaurudisha, gari ikapanda. Ile pampu mpya sijui iliishia wapi.

Kipimo cha bei rahisi kuliko vyote: chukua dumu safi la dizeli, liweke karibu na injini, vuta kutoka hapo kwa hosi fupi inayopitisha mwanga moja kwa moja kwenye fidi pampu, ukiacha tanki na laini zake zote nje. Presha ikirudi, ugonjwa uko kwenye laini au tanki. Isiporudi na mapovu huyaoni kwenye hosi, haya sasa tuongee pampu, au ile valvu ya kurudisha mafuta kwenye injekta pampu, nitaifikia.

Fidi pampu ya pistoni ya kawaida, mpya

Hii ndo ambayo wengi wanaidharau na ndo inayowafaa wengi. Inaendeshwa na kemu, haina waya, haina fyuzi, haina relei, injini ikizunguka yenyewe inafanya kazi, injini ikizima inaacha, hata ikipata ajali hutakuwa na pampu inayomwaga dizeli barabarani. Gari ya kazi, gari inayolala porini, gari ambayo fundi wake hana tochi ya kupimia umeme, hii ndo yake. Kumbuka Ram za mwisho za P7100 za gia ya mkono, 1996 hadi 1998, zilitoka na hp 215 na fidi pampu hii hii ya kiwandani, na ukiongeza mafuta kwa adabu ukafika 300 hivi bado inahimili, ili mradi laini ziko safi.

Ubaya wake ni mbili. Moja, inavuta kutoka mbali, tanki liko nyuma yenyewe iko mbele, kwa hiyo haiwezi kuvumilia laini mbovu. Pili, ikichoka sili au diaframu inaweza kuvujia ndani, dizeli inaingia kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), oili inakuwa nyepesi na kina kwenye dipstiki kinapanda badala ya kushuka. Kwenye nyingi kuna katundu ka kuvujia nje kwa ajili ya kukupa taarifa, ukikuta panatoka unyevu usipakae gundi ukaziba, kale katundu kanakusaidia.

Na usinunue ya bei ya kutupa. Hizi pampu zinafanana kwa sura, springi na valvu za ndani ndo zinatofautiana, na kuzifikia pale ubavuni chini ya injekta pampu ni shughuli, hutaki kuirudia.

Pistoni iliyoongezwa nguvu

Hapa kuna aina mbili watu wanazichanganya. Kuna ya springi ngumu tu, hiyo nishaieleza, inafaa kwa mtu mwenye P7100 ambaye wingi anao ila presha ya juu inakosekana. Na kuna yenye pistoni kubwa au safari ndefu, hiyo ndo inaongeza wingi kweli. Muuzaji akikuambia "hai fulo" (ya mafuta mengi) muulize kipi kimebadilika ndani, akishindwa kujibu basi ni springi.

Faida yake kubwa inaingia pale pale ilipotoka ya zamani, bolti mbili, gasketi, umemaliza, na inabaki kimekanika. Kwa mtu wa hp 300 mpaka 400 na P7100 mimi hii naipenda kuliko ya umeme, najua kuna watakaobisha. Lakini ina gharama yake: kadiri springi inavyokuwa ngumu ndo kemu na kijiti cha kusukuma vinavyokula zaidi, na kadiri pampu inavyovuta kwa nguvu ndo laini ya tanki inavyozidi kuwa tatizo. Dizeli ukiivuta kwa utupu mkali inatoa mapovu yenyewe hata kama hamna hosi iliyochanika. Kwa hiyo ukifunga hii na ukaacha laini nyembamba ya zamani umejipunja, panua laini ya kuvuta na ondoa kona za ovyo.

Mwenye VE asiguse hii. Kuna wanaochukua pistoni ya P7100 wanaipachika kwenye VE kwa sababu matundu ya bolti yanakubali, inafanya kazi, ila nishaeleza habari ya sili ya mbele na taimingi. Ukilazimisha basi weka regyuleta ya kurudisha ziada tanki, na hapo ushatumia hela ambayo ingenunua suluhisho lingine.

Ya umeme

FASS na AirDog ndo majina yanayotajwa sana. Hizi zinafungwa kwenye chesisi karibu na tanki, kwa hiyo safari ya kuvuta inakuwa fupi na safari ndefu yote inakuwa ya kusukuma. Hili pekee linaondoa nusu ya matatizo ya hewa. Zina filta zake kubwa mbili, ya maji na ya uchafu, na zinatenganisha hewa na mapovu kuyarudisha tanki kabla hayajafika mbele. Ukibadili filta huhangaiki na pampu ya mkono, unawasha swichi, inajijaza, unapiga stata. Injini inakuwa na mlio mtulivu kidogo, wengine wanasema wanausikia, mimi naona inategemea mapovu yalikuwa mengi kiasi gani mwanzo.

Ila ukinunua umeme umenunua na mambo ya umeme. Relei yake peke yake, fyuzi yake, waya mnene kutoka betri, erthi iliyokwanguliwa mpaka chuma kikang'aa. Pampu nyingi za umeme "zilizokufa" ukizipima unakuta zinapata volti 10 na kitu kwa sababu mtu kachomoa waya mwembamba wa taa akaunganishia hapo. Gari yako ikiwa ni ya volti 24 hakikisha pampu ni ya 24, usigawe betri moja ukachukua 12 kutoka katikati, utaua betri. Alafu swichi ya presha ya oili iwepo, ili injini ikizima kwa ajali pampu nayo izime. Na ikifa porini imekufa, huna cha kuifanyia kwa spana.

Kuna kosa moja la ufungaji nataka nilikazie sana. Watu wanaweka ya umeme nyuma alafu wanaiacha ile ya kimekanika ikiwa bado imefungwa mbele, mafuta yapitie humo humo, eti akiba. Kwanza inabana njia. Pili, siku diaframu ya zamani ikipasuka, pampu ya umeme haijui, inaendelea kusukuma, na mafuta yanaenda kwenye sampu kwa kasi ambayo ile ya zamani isingeweza kamwe. Injini inaweza kuanza kujiendesha kwa oili yake iliyochanganyika na dizeli, ukizima ufunguo haizimi. Toa ile ya kimekanika, weka kibati cha kuziba na gasketi, na ile pampu nzuri uliyoitoa ihifadhi kwenye boksi la vifaa pamoja na kipande cha hosi, hiyo ndo akiba ya kweli.

Saizi: mtu wa VP44 au P7100 ya kawaida, ya lita 360 inamtosha. Ukiwa unapita hp 400 na plunja hujagusa, ile ya 570 ina nafasi ya kupumua. Lita 625 ni ya mtu ambaye turbo yake ina jina. Kwa VE, chochote cha umeme lazima presha yake ishushwe, na nyingi ya hizi kubwa hazishuki mpaka huko kirahisi, kwa hiyo tafuta ndogo ya presha ndogo.

Ya belti

Hii naipita haraka. Inafungwa mbele, inaendeshwa na belti kutoka puli ya kranki, inasukuma mafuta mengi kupita kiasi na kadiri injini inavyokimbia ndo inavyosukuma zaidi, ambapo ya umeme inatoa kile kile wakati wote. Ni ya mashindano ya kuvuta na ya kukimbia, hp 700 kwenda juu. Inataka regyuleta kubwa ya kurudisha, laini za nusu inchi au zaidi, mabano yaliyonyooka kwelikweli, na ikiwa injini inazunguka kwa stata tu haisukumi cha maana kwa hiyo inahitaji kusaidiwa kujaza. Belti ikikatika umesimama. Kwa gari ya mzigo sioni sababu.

Sasa wewe uchukue ipi

Una VE na gari ni ya kazi, baki na diaframu mpya yenye ubora, basi. Una VE umekaza skrubu ya mafuta na umeweka ile springi ya gavana (kidhibiti cha mwendo wa injini) ya 366 wanayoipenda wote, geji inashuka ukikanyaga, weka ya umeme ya presha ndogo. P7100 ya kawaida mpaka hp 300 hivi, pistoni mpya ya kawaida. Hapo mpaka 400, pistoni yenye wingi zaidi na laini mpya, au umeme kama gari inakaa mjini karibu na fundi wa umeme na wewe umechoka kupampu kwa mkono. Zaidi ya hapo umeme bila ubishi. Na huyu anayefikiria kuing'oa VE aweke P7100 ili "apate pampu kubwa", hiyo ni kazi nyingine kabisa, kesi ya gia ya mbele inabadilika, mabomba, kila kitu, na fidi pampu ya diaframu haiwezi kuilisha P7100. Ukifika huko na sehemu ya mbele iko wazi, itazame ile pini ndogo ya chuma kwenye kesi ya taimingi ambayo huwa inajitokeza taratibu na kudondokea kwenye gia, izuie kwa kibati wakati uko hapo, manake pini hiyo imevunja injini nyingi nzima.

Ile valvu ya kurudisha niliyoahidi. Kwenye P7100 iko pale laini ya kurudisha inapotokea kwenye pampu, ina springi ndani inayoshikilia presha isikimbilie tanki. Ikizeeka springi inalegea, presha inashuka, na mtu anailaumu fidi pampu. Jaribio ni rahisi: injini ikinguruma, ibane ile hosi ya kurudisha kidogo sana kwa sekunde chache ukiangalia geji. Sindano ikiruka juu, fidi pampu ni nzima na valvu ndo imechoka, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya pampu. Ningekuwa nabadili fidi pampu ya P7100 ningeibadili na hii siku hiyo hiyo.

Kingine, pampu kubwa haiongezi nguvu yenyewe. Inazuia nguvu isipotee. Kama injekta pampu haijaguswa na geji ilikuwa inakaa vizuri toka mwanzo, utafunga pampu ya lita 625 na gari itakuwa ile ile. Na kama imeguswa, hakikisha geji ya joto la egzosi ipo, manake sasa mafuta yanafika kweli, na ukivuta mlima mrefu huku joto limekaa juu ya nyuzi 700 kabla ya turbo pistoni zinaweza kuanza kuyeyuka wakati gari inaonekana ina raha tu.

Ukishafunga yoyote kati ya hizi, andika kwenye karatasi presha uliyoiona siku ya kwanza, ikinguruma na ikiwa na mzigo, ibandike kwenye mlango, ndo utajua filta inapoanza kuziba. Weka alama ya kina cha oili pia. Wiki ya kwanza chomoa dipstiki kila asubuhi kabla hujawasha, angalia kina, inuse. Kikipanda au ikinuka dizeli usiiwashe hata ya kuipeleka gereji, ivutwe.